Mdudu wa Dawati la Nyuma

Mama yake alimwita Bi Wasiwasi, na jina likamkaa. Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, alikuwa ameshawaza dari likianguka, chaki zikiisha, na mwalimu akisahau kusoma. Yote hayo alimuuliza mwenzake wa dawati, mpaka yule binti akachoka. Akabeba mkoba wake akahamia mbele, bila hata kuaga.

Kubaki peke yake kwenye dawati la watu wawili kulimuuma sana. Wenzake walipouliza kulikoni, aibu ikamponza.

"Nimemhamisha kwa usalama wake," alisema. "Chini ya upande ule kuna mdudu. Anauma makalio."

Darasa zima likaamini. Muhula mzima hakuna aliyethubutu kukaa pale, hata wale watundu wasioambilika. Bi Wasiwasi alikula chakula chake cha mchana peke yake, akamwangushia mdudu makombo, maana hakuwa na mwingine wa kumgawia.

Kisha akaletwa mwanafunzi mgeni, msichana mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Upesi upesi Bi Wasiwasi akafuta vumbi upande wa pili kwa sketi. Mwalimu akanyoosha kidole kule kule.

"Pale hapana, mwalimu!" darasa likapiga kelele. "Ataumwa makalio!"

Mwalimu alikuwa na haraka zake. Akamsukumia mgeni kwenye dawati la mbele, wakabanana watatu. Bi Wasiwasi akaona nafasi inampita hivi hivi. Je, wakimzomea mpaka amalize shule? Akapiga moyo konde, akasimama.

"Hakuna mdudu. Niliwadanganya. Sikutaka mjue kwamba nimekimbiwa."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu akamwambia akae. Akakaa, machozi yakimlengalenga, akijuta kuwa na mdomo.

Wakati wa mapumziko wote walitoka, yeye akabaki. Akasikia kitu kikikwaruza sakafu. Mgeni alikuwa amerudi, amepiga magoti, anachungulia chini ya dawati.

"Makombo haya ni ya mdudu wako?"

"Hayupo. Si umesikia nimemtunga?"

"Nimesikia. Lakini anakula makombo tu?"

Bi Wasiwasi akafuta pua. "Na vifutio," alisema.

"Na anauma kweli?"

"Sijui," akajibu, akisogea kumpisha. "Tangu aje, hakuna aliyekaa."