Mwana wa Nchi

Siku kaka alipoanguka mbele ya tanuri, mikate ilikuwa bado ndani. Wenzake wakambeba nje kwenye hewa, lakini pumzi haikurudi. Dada yake, aliyekuwa akikanda unga chumba cha pili, alifika mikono ikiwa imejaa donge la unga.

Mwezi mzima kaka alikuwa akikohoa. Bomba la moshi lilikuwa limeziba, na kila alipoomba lizibuliwe, msimamizi alimjibu lile lile: "Mzalendo halalamiki, bwana. Tunalisha taifa hapa."

Msimamizi huyo alilitia taifa hata kwenye chai. Sukari ikipunguzwa, ni kwa ajili ya taifa. Mlango ukiachwa wazi, joto la taifa linatoka. Kisogoni wafanyakazi wakamwita Taifa. Siku moja bosi huyo aliposinzia kitini, mpakiaji mmoja wa kike alinong'ona, "Pole pole jamani, Taifa limelala," na kaka alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Baada ya mazishi dada alirudi kazini. Taifa akampokea kwa sauti ya mkutanoni.

"Pole sana, dada. Kaka yako alikuwa shujaa wa nchi hii. Sasa shika nafasi yake kwenye tanuri. Ndiyo heshima utakayompa."

"Bomba limezibuliwa?"

"Tutalizibua. Lakini leo wananchi wanasubiri mkate."

Dada akauchukua ule ubao mrefu ambao kaka yake alitolea mikate. Mpini ulikuwa mweusi pale alipozoea kuushika. Akaulaza mbele ya mdomo wa tanuri, kisha akakaa juu ya gunia la unga.

"Siwashi."

"Unalihujumu taifa!"

"Taifa ni wewe, bosi. Ndivyo tunavyokuita."

Mpakiaji akaziba mdomo, akachelewa, kicheko kikamponyoka. Taifa akageuka huku na huku kama mtu aliyeitwa na asiyemwona. Alikuwa hajui kwamba ana jina hilo.

"Cheka tu," alisema. "Huko nje kuna wananchi wenye njaa."

"Na mimi je?" dada aliuliza.

"Na wewe ni mwananchi. Ndiyo maana nakuomba."

"Mwana wa nchi, basi. Hata kaka yangu alikuwa mwana. Alikohoa mwezi mzima, mzazi wake hakuinua hata kichwa kulitazama bomba. Leo mzazi anataka mwana mwingine?"

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Halafu uwashe mwenyewe, mzalendo."

Taifa alilitazama tanuri. Akalisogelea hatua mbili, akaona masizi yaliyoganda juu ya mdomo wake, akarudi nyuma. Mpakiaji akavua aproni yake, akaja kukaa kwenye gunia la pili. "Sogea kidogo, shoga," alimwambia dada. Wengine wakafuata mmoja mmoja, hadi magunia yakaisha, wakakaa sakafuni.

Tanuri ni baridi hadi sasa. Unga uliokandwa asubuhi umeumuka, umemwagika nje ya beseni, na hakuna aliyeugusa.