Intaneti Ilipozimwa Namuwongo

Mkesha wa uchaguzi wa 2021, serikali ilipozima intaneti, mtaa mzima wa Namuwongo, Kampala, ulilaani isipokuwa Mushagalusa, fundi cherehani. Yeye alifurahi waziwazi, akashona akipiga mluzi.

Furaha hiyo ilitokana na mtu mmoja, Gradi. Gradi ndiye aliyewahi kumchumbia Estelle kule Bukavu, kabla Mushagalusa hajamwoa na kukimbilia naye Kampala. Sasa jamaa alikuwa jirani wa mama mkwe kulekule Bukavu, na kwa kuwa mama hakuwa na simu, sauti yake ilirekodiwa kwenye simu ya Gradi na kutumwa kwa WhatsApp. Estelle alisikiliza akitabasamu. Mushagalusa alimsikia tu yule mwanamume akikohoa pembeni ya mama, na kwa wivu akaisukuma sahani pembeni.

Mwaka uliotangulia, mkewe akiwa anaoga, aliichukua simu ya mkewe akaizuia namba ya Gradi isipige. WhatsApp aliiogopa: angeigusa, Estelle angejua siku hiyohiyo. Sasa serikali ilikuwa imemmalizia kazi.

“Hata kwetu Bukavu walifunga wakati wa kura,” Estelle alilalamika, simu kaiinua juu akitafuta mtandao. “Serikali zote ni moja. Zinaogopa watu waseme.”

“Zinatafuta amani tu, Mama Huguette,” alijibu mumewe, akiinamia cherehani asionekane anacheka.

Intaneti iliporudi, WhatsApp ilikuwa ingali imebanwa, lakini Estelle alipenya kwa VPN kama jiji zima. Sauti za Gradi zikaingia mfululizo. Mushagalusa akasogea, asikie huyo bwana ana nini na mke wa mtu.

“Estelle, mama amezidiwa, anakuita. Nakupigia, simu haiingii.” Iliyofuata: “Basi piga wewe, asikie hata sauti yako.” Ya mwisho ilikuwa fupi: “Mama alizikwa Jumamosi. Jeneza nililibeba mimi.”

Estelle hakulia. Alibonyezabonyeza simu mpaka akaikuta namba iliyozuiwa, moja tu, ya Gradi, akamwinulia mumewe macho.

“Internet, ni serikali ilifunga,” alisema. “Na hii, Papa Huguette?”

Mushagalusa alirudi kuinamia cherehani. Na hata wakati ule, Mungu amsamehe, kilichomuuma zaidi ni kwamba Gradi ndiye aliyebeba jeneza la mama mkwe.