Kitufe Bubu cha Chumba Namba Tisa

Chuo chetu cha muziki kilikuwa na vyumba tisa vya mazoezi, na namba tisa kilikuwa cha mwisho kwa kila kitu: mwisho wa korido, mwisho kupakwa rangi, mwisho kukumbukwa. Wenzangu walidamka alfajiri kuwahi vile vingine. Mimi na usingizi tulikuwa damu damu, basi nikabaki na namba tisa miaka miwili mizima.

Piano yake ilikuwa na kitufe kimoja bubu, noti ya so ya katikati, ile ya do-re-mi-fa-so. Ukikibonyeza kinashuka vizuri, kinapanda vizuri, sauti hakuna. Na kipande changu cha mtihani kilijaa so tele. Ningefanyaje? Nikawa nakigusa, kisha so naiimba mwenyewe kwa mdomo. Mwanzoni nilijicheka. Baada ya mwezi sikutambua tena kwamba ninaimba.

Mtihani wa mwaka wa pili ndio uliokuwa ukichuja watu. Ukifaulu unaendelea, ukianguka unafunga sanduku. Mama yangu, fundi cherehani, alinituliza kwa simu: "Mwanangu, wala usijitie presha. Ukianguka rudi nyumbani, cherehani ya pili ipo, inakungoja." Nampenda mama yangu, lakini faraja ile ilinitoa jasho. Sikutaka cherehani, nilitaka piano.

Siku yenyewe niliketi ukumbini, kwenye ile piano kubwa nyeusi ambayo wanafunzi tuliruhusiwa kuifuta vumbi tu. Mbele yangu walikaa mkuu wa chuo na mwalimu wangu, mzee mwembamba tuliyemwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilofungulia na kufungia kila somo. Nikaanza vizuri. So ya kwanza ikaja. Piano ikaitoa, tamu kweli, na mdomo wangu nao ukaitoa kwa nguvu zote.

Mkuu akainua kichwa. "Binti, hapa ni piano. Kwaya ni Jumamosi."

Nikaomba radhi, nikaanza upya, midomo nimeibana. Ikawa balaa zaidi. Kidole changu kilishazoea kwamba kazi ya kitufe kile ni ya mdomo, kikawa kinakigusa juu juu tu. Kila penye so pakawa na shimo. Nilipofika katikati machozi yalikuwa yananidondoka, na cherehani naiona waziwazi.

"Inatosha," mkuu akasema, akashika kalamu.

"Taratibu," mwalimu wangu akamwambia. Akanigeukia. "Unafanyia mazoezi chumba gani?"

"Namba tisa, mwalimu."

"Mkuu, kitufe kile nimekiandikia barua miaka minne. Huyu mtoto amekitengeneza kwa koo lake." Kisha akaniambia, "Rudia tangu mwanzo. Na uimbe."

Nikaziimba so zote ishirini na tatu, huku nikilia. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilifaulu kwa alama moja tu, na ninaringa nayo mpaka leo.

Sasa nina wanafunzi wangu, ninawagombeza kuhusu vidole, na wananiita majina ninayojifanya siyajui. Lakini naikumbuka mno korido ile: filimbi ikikwaruza namba nne, mtu akirudia mstari uleule mara arobaini, viatu vya mwalimu vikikaribia nami nikijiweka sawa haraka haraka. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba mwalimu alipata kiharusi, nikaenda kumwona. Nilimkuta sebuleni, mbele ya piano yake ndogo, binti yake amemwekea mto mgongoni. Mkono wa kulia ulikuwa umerudi, isipokuwa kidole cha kati. Hicho kilikataa katakata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakuuliza hata habari za safari. Akaanza kupiga kipande changu kile cha mtihani, polepole, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Akafika kwenye so. Kidole cha kati kikalala palepale, pakawa kimya. Akangoja. Halafu akanigeukia, uso ameukunja vilevile kama zamani.

"Sasa wewe unangoja nini?"

Nikaimba, naye akaendelea.