Jina la Kujaribia

Hafidhi Sadalla alifariki Jumanne alfajiri, na wakati anafariki mwenyewe alikuwa Mnazi Mmoja anafanya mazoezi. Ndivyo watu walivyosoma kwenye simu zao, na Bongo hii mtu akishasoma kitu kwenye simu, hata ukimjia na mikono na miguu yako atakuona wewe ndiye unayemchanganya.

Tuanze na kazi yake, maana ndiyo iliyomponza. Mchana Hafidhi aliandika programu za kompyuta kwenye ofisi moja pale Posta, kazi ya watu wengine. Akirudi chumbani kwake, ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alifungua laptopu yake mwenyewe na kuanza kazi yake mwenyewe. Alikuwa anatengeneza tovuti ya matangazo ya misiba. Usicheke. Mwaka uliopita mjomba wake alifariki asubuhi akazikwa jioni, kama ilivyo ada kwa Waislamu, na Hafidhi hakufika makaburini. Taarifa ilikuwepo kwenye grupu la ukoo, lakini ilifunikwa na vichekesho, picha za mitumba na salamu za Ijumaa, akaja kuiona watu wameshanawa mikono. Aibu ile ilimkaa. Akasema atatengeneza kitu kinachotangaza msiba tu, hakuna porojo, meseji moja kwa kila aliyejiandikisha, jina la marehemu na saa ya kuzika.

Kazi ilikuwa njema. Mfanyakazi ndiye aliyekuwa anaoza. Chakula chake chipsi mayai, maji yake soda na vinywaji vya enaji, kitanda chake ile meza. Mgongo ulimpinda, kitambi kikatangulia mbele, na kupanda ngazi za ghorofa mbili kulimfanya asimame katikati ajifanye anajibu simu. Siku alipoona kizunguzungu ofisini, daktari alimpima presha, akampima tena kwa mashine nyingine akidhani ya kwanza mbovu, kisha akamuuliza kwa upole ana mipango gani ya maisha. Hafidhi akalipa, akatoka. Hakumwambia mama yake.

Lakini tumpe haki yake, alibadilika kweli. Akajiwekea masharti mawili. La kwanza, kila asubuhi akishaswali alfajiri chumbani kwake atatoka kwenda Mnazi Mmoja kutembea na kukimbia, na simu itabaki nyumbani, kwa sababu mtu akitembea na simu hatembei, anafanya kazi amesimama. La pili, adhana ya isha ikisikika laptopu inafungwa, hata kama amebakiza mstari mmoja. Wiki zikapita. Suruali zikaanza kumlegea. Akawa anakula matembele na samaki, halafu anawasimulia watu mpaka wanamkimbia.

Sasa Jumatatu ile. Tovuti imekamilika, imebaki kujaribiwa, na huwezi kujaribu tangazo la msiba bila jina la marehemu. Hapo Hafidhi akakwama, vidole hewani. Mtoto wa pwani haandiki jina la mtu aliye hai kwenye tangazo la msiba, hata la utani, hata la mtu anayemdai. Ni uchuro. Ukiandika jina la rafiki halafu lori likamgonga wiki ijayo, utalala wapi? Akafikiria jina la kubuni, lakini Kariakoo jina gani utabuni ambalo halina mwenyewe? Basi akaona heri uchuro umrudie mwenyewe. Akaandika la kwake. Likaenda vizuri, akafurahi, akatengeneza na sehemu ya kupanga saa, tangazo litoke lenyewe asubuhi watu wakishaamka. Kisha akaingiza namba za kweli za watu waliokubali kuwa wa kwanza, yaani majirani, wazee wa msikitini, ndugu, na mama yake. Alibakiza kitu kimoja tu, kufuta lile tangazo la majaribio.

Adhana ya isha ikapigwa. Hafidhi akafunga laptopu, akajipongeza kwa nidhamu yake, akaenda kuswali na kulala kama mtoto.

Asubuhi jua limeanza kuchoma, yeye Mnazi Mmoja anatiririka jasho, akamwona Polycarp anakuja kutoka upande wa Lumumba. Polycarp alikuwa fundi simu, kibanda chake kipo chini ya ghorofa lao, mtu wa Masasi, mcheshi. Leo alikuwa kavaa suruali ya kitambaa na shati jeupe la kanisani, na ilikuwa siku ya kazi.

"Poli, mambo? Umependeza, harusi ya nani?"

Polycarp akageuka. Akamtazama usoni, akashuka mpaka kwenye raba, akarudi usoni. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani.

"Wewe umekufa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake miadi.

Hafidhi alicheka. Alicheka mpaka Polycarp alipotoa simu na kumwonyesha. *Tunasikitika kutangaza kifo cha ndugu yetu Hafidhi Sadalla, mkazi wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kilichotokea leo alfajiri. Mazishi ni leo baada ya swala ya adhuhuri.* Maneno yake mwenyewe. Alikuwa ameyapiga pasi siku nyingi ili yawe mafupi na yenye heshima, na sasa yalimtazama kwa ufupi na heshima ileile. Jasho lote likamkauka mwilini.

"Poli, hili lilikuwa jaribio. Hamkugonga mlango wangu?"

"Tuligonga. Kimya. Tukapiga simu, tukaisikia inaita ndani. Mwenye nyumba akasema basi, itakuwa walikuchukua usiku kukukimbiza hospitali, ikashindikana. Turubai ndiyo linafungwa hivi sasa. Mimi naenda kukodi viti."

"Na wote mkaamini? Hakuna hata mmoja aliyeshangaa?"

Polycarp akapangusa vumbi kwenye goti kwa muda mrefu kuliko goti lilivyohitaji.

"Kaka, nimesikitika sana, Mungu shahidi. Nimelia. Ila kushangaa..." Akahamia goti la pili. "Kushangaa sikushangaa. Nadhani hakuna aliyeshangaa. Watu walisema maskini, tulijua tu. Josepha wa chipsi ndiye kashikwa na watu, analia, anasema yeye ndiye aliyekuua."

Kuna maneno yanampiga mtu asijue pa kushika. Hafidhi alikuwa anajiona mtu mpya, anahesabu matundu ya mkanda kila Ijumaa, kumbe mtaa mzima ulishamzika zamani, ulikuwa unangoja taarifa tu. Angeweza kusimama pale mpaka adhuhuri akitafuna hilo. Lakini wazo lingine likamwingia, likafukuza mengine yote.

Mama.

Namba ya Bi Sitara aliiingiza yeye mwenyewe jana jioni, kwa mkono wake. Bi Sitara ana presha ya miaka. Siku alipoletewa habari ya kaka yake, yule mjomba, alianguka sebuleni kwake Ilala, mdomo ukaenda upande, akalazwa, na daktari akawaambia wanawe wazi kwamba mshtuko mwingine wa namna ile hatauvuka. Ndugu wote waliapa kwamba habari yoyote mbaya itafikishwa kwake kidogokidogo, na mtu mzima, na maji ya kunywa pembeni. Na leo habari ya mwanawe kaisoma mwenyewe, kwenye simu, kwa maneno mafupi na yenye heshima.

Akaipora simu ya Polycarp, akapiga. Namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Watu walikuwa wanampa pole. Au mtu mwingine ameishika ile simu, anawaita ndugu waje kwa msiba wa pili.

Pembeni walikuwepo bodaboda wawili. Hafidhi akawakimbilia, lakini mmoja alikuwa wa kijiwe cha mtaani kwao Sikukuu, na alikuwa amesikia mazungumzo yote tangu mwanzo. Akamtazama Hafidhi, akamtazama mwenzake, akawasha pikipiki.

"Mimi sipakii marehemu, bro, nisamehe," alisema, na wote wawili wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Basi akakimbia. Akaushika Mtaa wa Uhuru, magari yamesimama bampa kwa bampa, akapita katikati yao, akapita wauza mitumba wanapanga nguo pale Karume, mtu akamtukana, hakusikia. Miezi michache nyuma asingefika hata kona ya kwanza. Sasa mapafu yalishika, miguu ikashika, na katika hofu ile yote bado alipata nafasi ya kuwaza kwamba mazoezi haya huenda alikuwa anayafanya kwa ajili ya asubuhi hii moja, afike kumzika mama yake kwa wakati. Wazo hilo lilimfanya alie huku anakimbia. Mtu mzima, na kamasi zinamtoka, Uhuru nzima inamwona.

Nyumba ya Bi Sitara iko nyuma ya soko la Ilala. Nje wanaume wameshakaa kwenye mabenchi, vichwa chini. Hafidhi hakuthubutu kupita mbele yao. Akazunguka uchochoro, akaingia mlango wa uani. Wanawake walikuwa wanatandika mikeka. Mmoja alimwona, akaachia upande wake wa mkeka, akaziba mdomo kwa kanga. Hafidhi akaweka kidole midomoni kumsihi, akapita.

Chumba cha mama yake mlango ulikuwa umerudishiwa. Akausukuma.

Bi Sitara alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunja, mbele yake sanduku la nguo liko wazi. Hakuwa ameanguka. Mdomo wake ulikuwa sawasawa. Aliinua uso, macho makavu, akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni anahema, na hakupiga kelele.

"Mama, ni mimi. Mzima. Lile tangazo nilikosea mimi, nilikuwa najaribu, nikaandika..."

"Njoo."

Akapiga magoti mbele yake. Bi Sitara akanyoosha mkono, akauweka chini ya pua ya mwanawe, akauacha pale. Aliuacha mpaka Hafidhi akaona haya kupumua.

"Unapumua," alisema mama yake. "Alhamdulillahi."

Ndipo akamvuta kifuani na nguo zake za jasho, akamshika kisogo kama anamwogesha. Hafidhi akalia kwa raha. Presha haikupanda, mama hakuanguka, Mungu kamhurumia, na yeye ataifuta ile tovuti leo leo. Alikuwa anayasema hayo yote kwa pamoja, maneno yanapandana. Kisha jicho lake likaangukia mkeka uliokuwa pembeni ya sanduku.

Bafta nyeupe ilikuwa imetandazwa pale, imekatwa tayari, ina harufu ya kafuri. Hilo halikumshtua. Wazee wengi huweka sanda zao mapema, na ya mama yake aliijua tangu utotoni, walikuwa wanakatazwa kuigusa. Akawaza, maskini, ametoa yake anipe mimi.

"Mama, umetoa sanda yako?"

"Yangu ipo chini ya sanduku."

Hafidhi akaitazama tena bafta. Vipande vilikuwa vitatu. Mtoto yeyote aliyepita madrasa anajua, mwanamke huvishwa vitano, mwanamume vitatu. Baba yake alizikwa zamani. Nyumba ile haina mwanamume mwingine.

"Hii ya nani?"

 Bi Sitara akakung'uta kitu kisichokuwepo kwenye bafta.

"Mwaka jana nilikuletea wali wa samaki kule kwako," alisema. "Mlango ulikuwa wazi. Nikakukuta umelalia ile meza yako, taa inawaka, mdomo wazi. Nikakuita, hukuitika. Nikakutikisa, hukuitika. Nikaweka mkono puani, nikangoja sana mwanangu, ndiyo ukapumua. Nikaacha wali pale, nikashuka ngazi. Nilipofika chini nikaingia duka la vitambaa."

"Ulininunulia sanda."

"Nilisema isije ikanikuta sijajiandaa, kama ya kaka yangu. Kila nikija kwako nilikuwa naweka mkono. Wewe unadhani nilikuwa nakupangusa jasho. Leo nimesoma, nikasema haya, ndiyo leo. Nikaja kuitoa."

Yaani hata yeye. Hata mama aliyemzaa, aliyekatazwa habari mbaya kwa amri ya daktari, hakushtuka. Alikuwa na mwaka mzima wa kushtuka kidogokidogo, peke yake, bila mtu mzima wala maji pembeni.  Nje sauti za wanawake zilianza kupanda, habari ilikuwa imeshatoka kwamba marehemu kaingia kwa mlango wa uani.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi sasa ni mzima. Nafanya mazoezi, nakula vizuri, nimekuja mbio kutoka Mnazi Mmoja mpaka hapa. Hii tuipeleke msikitini. Kuna maiti wasio na ndugu, itawasitiri."

Bi Sitara alimtazama. Alimtazama mashavu, shingo, kifua kinachopanda na kushuka, kama mtu anayekagua kitu sokoni na bado hajaamua. Kisha akaikunja bafta, kipande kimoja kimoja, akailaza sandukuni juu ya ile ya kwake.

"Bado," alisema, akafunga sanduku, akamwomba mwanawe ampe mkono ainuke.