Seva Isiyorudisha Barua

Kampuni yetu iliponunua hoteli moja huko Al Wakrah, huku ughaibuni Uarabuni tunakofanya kazi, nilikabidhiwa kazi ya kuunganisha mitandao miwili: wetu mpya wa ofisi ya Al Mansoura na ule mkongwe wa hoteli, unaoandika anwani za barua pepe kinyumenyume, jina la kompyuta na la idara kwanza, la mtu mwisho. Seva yetu ikiona anwani ya namna hiyo ilisema ni mbovu na kumrudishia mwandishi barua yake. Kila iliporudi barua, aliyepigiwa simu za matusi ni mimi, Kioko, fundi mwenye vyeti ukutani.

Mimi sipendi kurudishiwa kitu. Basi nikaiandikia seva kanuni: anwani usiyoielewa, usirudishe, wagawie watu wote wa idara inayotajwa, mwenyewe atajijua. Simu zikakoma. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, ila mimi wakati huo nilikuwa bado napanda.

Wiki hiyohiyo niliamua kumwomba Kendi, wa mapokezi ya hoteli ile, akubali nimwoe. Tulikuwa tumekula biriani pamoja Ijumaa kadhaa baada ya ibada, nami nilimpenda mno. Kumwambia uso kwa uso niliogopa. WhatsApp ina zile alama za bluu. Angesoma akanyamaza, ningekufa. Nikaandika barua pepe ndefu, yenye aya nzima kuhusu mama yangu na nyingine kuhusu kiwanja cha Machakos, nikaituma kwa anwani yake ya hotelini. Ile ya kinyumenyume.

Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada, nje ya kanisa kule Mesaimeer, niliwakuta Wakenya wote wa mapokezi wamekaa duara. Sisi tukisikia harusi hatumngoji bibi arusi aseme kitu, tunaunda kamati. Laban, msimamizi wao, alikuwa mwenyekiti. Charity, mweka hazina, alikuwa ameshafungua grupu la WhatsApp la michango.

"Bro, karibu kiti," Laban akasema. "Hiyo aya ya mama yako imetutoa machozi. Sasa tuambie, rangi ya harusi ni gani?"

Kendi alikuwa amesimama pembeni, mkoba begani.

"Kioko, barua nimeipata," akasema. "Na risepsheni yote imeipata. Ilikuwaje?"

Nikamweleza kanuni yangu kwa kirefu, nikitumaini utaalamu utanisitiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulijenga mashine haiwezi kukuambia hapana."

Akaupandisha mkoba begani.

"Sasa niulize mimi. Kwa mdomo. Mahali naweza kukataa."

Niliuliza, mbele ya mwenyekiti, mweka hazina na kamati ndogo ya chakula. Kendi akasema hapana, kwa upole, akanishika bega, akaenda zake.

Laban akakohoa, akapendekeza kikao kifungwe kwa sala. Tukainamisha vichwa, akaomba tujaliwe moyo wa kupokea jibu lolote, na alipomaliza, amina yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.