Rungu Ambalo Hakupewa

Uwanja wa besiboli wa Chang'ombe uko nyuma ya godauni la zamani la pamba, na hata kuuita uwanja ni ukarimu. Ni kipara cha vumbi, isipokuwa sehemu moja nyuma ya besi ya pili, kile kituo cha pili anachokimbilia mpigaji, kuelekea kushoto, ambako majani yameota marefu na laini kama ya makaburini. Hakuna anayepakanyaga. Siku moja Kocha Azan alimshika mkono Jamali, mmoja wa walinzi wake, wale wanaodaka mipira uwanjani, akampeleka mpaka pale na kumwambia asimame, asihame. Jamali akasimama. Mrushaji alipoachia mpira, Jamali alikuwa ameshasogea pembeni, na alipogombezwa aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakuinua mguu.

Hapo ndipo mipira ya Valerian ilipokuwa ikiangukia.

Valerian alikuwa kijana mwembamba, fundi wa kupaka rangi kwenye karakana ya makabati, na tangu aanze kucheza hapakuwa na mtu aliyemwona akiukosa mpira. Mrushaji amletee wa kasi, amletee wa kupinda, amletee wa chini karibu na vidole vya miguu, rungu lake liliugusa tu. Mpira ulipanda kidogo juu ya vichwa vya walinzi, ukashuka taratibu kwenye yale majani, naye alikuwa ameshafika besi ya kwanza, anapangusa suruali. Wapinzani hawakumpenda. Wengine walikuwa wakitema mate chini kabla ya kumrushia.

"Kugusa siyo kupiga, Vale," Kocha Azan alimwambia Ijumaa moja, wakikusanya glovu. Azan alikuwa mwana wa muuza vitambaa, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, na kesho yake ndiye angechagua mchezaji wa mwisho wa kwenda kwenye mashindano ya nje. "Kaka yako Albano alikuwaga anapiga, watu wanaenda kuuomba mpira kwa majirani. Ule ndo ukubwa. Wewe unafika besi, sawa, lakini nani anakuogopa?"

"Si nafika lakini, kocha?"

"Unafika. Ila siku hizi mipira yako inazidi kuwa mifupi, umeona? Mwezi uliopita ilikuwa inafika kwenye majani. Leo umeangusha mbele ya besi ya pili. Kesho nataka mpira uvuke ukuta ule wa mwisho wa uwanja, hata mmoja tu. Vinginevyo nafasi nampa mwingine."

Mimi sikubaliani na Azan. Mtu anayefika besi kila anaposhika rungu, hata kama mpira wake hauwezi kumshtua kuku, ana ukubwa wake, na wenye macho wanauona. Lakini mwenye kuchagua alikuwa Azan, na Valerian alikuwa akiitaka ile safari kuliko alivyokuwa akiutaka usingizi.

Alichokuwa hajamwambia mtu ni kwamba hakuwa akilenga mahali patupu. Alikuwa akimlenga mtu. Albano, aliyekufa kwa homa ya siku chache mwaka juzi, alikuwa akisimama kwenye yale majani kwa suruali yake ya mchezo, amekinga viganja vitupu kama mtu anayekinga maji. Uso wake haukuonekana vizuri. Valerian alikuwa akimpelekea mpira tu, kwa upole, kama walivyokuwa wakirushiana ndimu uani walipokuwa wadogo. Sasa Albano alikuwa ameyaacha majani na kusogea. Kila mazoezi alikuwa karibu zaidi, na kila alivyokaribia, mpira ulipaswa kupigwa taratibu zaidi. Siku moja Valerian alijaribu kuupitisha juu ya kichwa chake. Mikono ikamfa ganzi mpaka mabegani, na hofu iliyomwingia siku ile haikumtoka.

Jioni hiyo alimkuta mama yake, Yustina, anatwanga kisamvu uani kwao Temeke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umepooza hivyo?"

Valerian akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, siku tuliyogawa vitu vya kaka, lile rungu lake la mchezo alipewa nani?"

Katika ukoo wao, uliotoka Newala, matanga yakiisha vitu vya marehemu huwekwa mkekani, na kila kimoja hutolewa kwa mkono wa mkubwa kwenda mkono wa mrithi, mbele ya watu. Shati, saa, hata kandambili. Kitu kisichotolewa hivyo bado ni cha mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kukifuata.

Mama aliacha kutwanga. "Halikuwepo mkekani," alisema polepole. "Shangazi zako wametoka shamba kule, besiboli wataijulia wapi? Walidhani ni mchi. Walilitia jikoni pamoja na vinu, na mie siku ile nilikuwa sijitambui kwa kilio." Akamtazama mwanawe. "Ulilitoa jikoni wewe?"

"Nililitoa mie."

"Nani alikupa?"

Valerian alikwangua rangi iliyokaukia kwenye kucha. Kisamvu kilikuwa kikinuka kibichi, na redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Alitarajia mama alie, au amwite kichaa. Mama hakufanya lolote kati ya hayo.

"Anasimama umbali gani?" aliuliza.

"Juzi ilikuwa kama hapa na bombani. Leo kama hapa na mlangoni kwa jirani."

Mama aliutazama mlango kwa muda mrefu, kisha akaurudia mchi, akatwanga polepole kama asiyetaka kumwamsha mtu. "Jumapili tukitoka kanisani nitatandika mkeka nikupe," alisema. "Na kesho nitakuja huko uwanjani." Tangu msiba hakuwahi kukanyaga Chang'ombe.

Jumamosi alasiri upepo ulikufa kabisa. Mama alikaa kwenye kivuli cha godauni, khanga kichwani, mikono mapajani. Valerian alipiga mara ya kwanza, mpira ukafa mbele ya mrushaji. Akapiga mara ya pili, ukafa karibu zaidi. Mara zote mbili alifika besi, na mara zote mbili Azan alitikisa kichwa.

"Wa mwisho huu," Azan alipaza sauti. "Uvuke ukuta, Vale. Tumeelewana?"

Valerian akainua rungu, akatazama mbele, na Albano alikuwa pale, hatua chache tu kutoka kwake, kati yake na mrushaji. Sasa uso ulionekana. Haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka, kama wa mtu aliyetembea kutoka mbali kwa miguu, na viganja vilikuwa bado vimekingwa.

Mrushaji aliachia mpira mwepesi, wa katikati, mpira ambao mpigaji huuota. Ukuta ulikuwa kulekule. Lakini njia ya kuuendea ukuta ilipita kwenye kifua cha kaka yake, na Valerian, aliyeitaka safari ile kwa moyo wote, alijikuta hawezi. Akalegeza vidole. Akauweka mpira viganjani mwa Albano, taratibu kabisa, akaanza kukimbia.

Alipofika besi ya kwanza alisikia kelele. Alipofika ya pili aligeuka. Mrushaji alikuwa amepiga magoti, anapapasa vumbi. Mdakaji naye anapapasa. Jamali alikuja mbio, akasimama, akaanza kuzunguka kama aliyepoteza funguo. Kila mtu aliuona mpira ukishuka pale, kwenye ardhi tupu isiyo na jani, na pale hapakuwa na mpira. Valerian alipita ya tatu akitembea. Alikanyaga nyumbani, pale alipoanzia kukimbia, na hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Azan alikuwa ameivua kofia, ameishika mkononi.

Mama alikuwa ameshaingia uwanjani. Alipita katikati ya wale wanaume waliopiga magoti, akafika kwa mwanawe, akaliokota rungu pale alipokuwa ameliangusha. Alilishika kwa mikono miwili, akalikumbatia kidogo, machozi yakimtiririka bila sauti. Jumapili haikungojwa wala mkeka haukutandikwa. Akamrudishia mbele ya watu wote.

"Chukua," alisema. "Umepewa."

Mahali alipokuwa amesimama Albano palikuwa pamebaki vumbi tu.

"Leteni mpira mwingine," Azan alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeuliza. "Vale, rudi upige tena. Nione tu."

Valerian akarudi, akainua rungu. Jamali alikuwa ameenda kusimama kwenye yale majani marefu, ametulia, hasogei. Mrushaji akajiandaa. Uwanja mzima ulikuwa wazi mpaka ukutani, na kwa mara ya kwanza Valerian hakujua mpira aupeleke kwa nani.