Miezi Miwili ya Brisele

"Aonje kwanza," alisema Mama Mukasine.

Muzungu alikuwa amesimama katikati ya lupango, ua wa nyumba, mikebe ya nyama ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyetumwa kuni. Alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Théoneste, mwana wa Mama, aliinamisha kichwa. Baba mdogo Ndagijimana alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mukashema, dada yake Théoneste, aliyekuwa mlangoni anatikisa kisabo, kibuyu cha kusukia maziwa, hakuacha kutikisa. Alitazama mikono ya yule muzungu. Uso hakuuangalia sana, maana uso mtu anaweza kuufundisha.

Mlimani Nyamitaba hakuna anayempa mwenzake kinywaji wala chakula bila kuanza yeye. Mwenye pombe anavuta mrija, anameza, watu wanaona koo likishuka, ndipo mgeni anapokea. Mama Mukasine alikuwa ametoka tu kumwonjea muzungu kasiksi, pombe ya ndizi, na muzungu alikunywa vizuri, akasifu ndizi za kwao. Sasa zamu ilikuwa yake.

"Uniwie radhi, Mama," muzungu alisema kwa Kiswahili chake cha vitabu. "Leo ni siku ya tano. Mimi ni Mkristo, Ijumaa sili nyama."

"Na sisi tuko nini? Bapagano?"

"Hapana, Mama. Mtakula kesho."

"Alijua leo ni siku ya tano, na akabeba nyama," Mama alisema pole pole, kama mwenye kupapasa kitambaa sokoni. "Haya. Aiweke pale kwenye jiwe."

Muzungu huyo aliitwa Bwana Lamber. Alikuwa msaidizi wa maprofesa kwenye chuo kikuu cha Léopoldville, na Théoneste alikuwa mwanafunzi wake, kijana wa kwanza wa mlima ule kufika shule kubwa namna hiyo. Kiangazi hicho cha mwaka 1957, Théoneste na wenzake wachache walichaguliwa kupitisha vakansi, likizo ya shule, Brisele, mji mkuu wa Wabelgiji: miezi miwili ya kusoma pamoja na wanafunzi wa kule, halafu kurudi. Karangwa, baba yake, alikuwa marehemu, na mapadri wa chuo walitaka neno la mama, litoke katika kinywa chake mwenyewe. Ndiyo sababu Bwana Lamber alipanda mpaka Nyamitaba na jeep yake. Kutoka hapo angeendelea Walikale, kwa wazazi wa mwanafunzi mwingine, jina lake Floribert. Siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, angerudi kuchukua jibu, na kama jibu lingekuwa zuri, kuchukua kijana.

Lakini kila mtu mlimani, hata waliobatizwa zamani, alijua habari za batumbula. Hao ni watu wanaomchukua mtu mweusi mwenye afya, wanamfungia mahali, wanamlisha mpaka ananenepa, kisha anatoka ndani ya mikebe. Hakuna aliyewaona, kila mmoja alimjua mtu aliyewaona. Hilaire, dereva wa kamyo ya mboga ya Goma, aliapa kwamba dukani aliona mukebe wenye picha ya mtu mweusi anacheka.

"Anacheka juu ya nini," Baba mdogo alikuwa akiuliza kila mara, "na yeye iko ndani?"

Jeep ilipopotea nyuma ya mikaratusi, Théoneste alilipuka. Alichukua mukebe mmoja, akautoboa kwa kisu, akaanza kula kwa vidole mbele yao wote.

"Ni ngombe, Mama! Ona! Ngombe!"

"Ngombe ya nani?" Baba mdogo aliuliza.

"Ya... sijui ya nani. Ya kule."

"Haina mwenyewe, haina jina, haina rangi. Na wewe mwana wa Karangwa unaita hiyo ngombe."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa. "Yesu wangu. Na siku ya tano." Haikujulikana kipi kilimuumiza zaidi. Mbwa alipewa kilichobaki, akala, akalamba mukebe, akaangalia kama kuna mwingine.

"Imbwa haina dini," Mama alisema, akaingia ndani.

Jioni, wakati wa kukamua, alimwita binti yake kando ya ng'ombe.

"Mukashema, sikia. Kaka yako iko na masomo mengi, sisemi. Lakini wewe uko na macho. Tangu utoto wako unaona vitu mbele ya watu. Huyu muzungu, ni mutumbula ao hapana? Wewe utaniambia. Ukisema aende, nitamuacha. Ukisema hapana, hata Monseigneur, askofu mwenyewe, akuye hapa na kofia yake, mutoto wangu haendi."

"Mama, mimi nilifika darasa la sita tu."

"Sikuuliza darasa. Niliuliza macho."

Mukashema hakuogopa mikebe. Shuleni masista walikula nyama ile ile miaka yote, na hakuna mtu aliyepungua parokiani. Lakini neno la Mama lilimkalia kifuani, kwa sababu kulikuwa na kitu alichokuwa anakitazama tangu Théoneste arudi kutoka Léopoldville, na kitu hicho hakikumhusu muzungu.

Kwanza ilikuwa kabuti. Théoneste alimpa Baba mdogo kabuti lake la sufu, lile alilonunuliwa akiwa seminari. Baba mdogo alilivaa hata juani, akitembea nalo kama chefu wa mlima mzima. Lakini mwezi wa tisa mvua za Nyamitaba zinaingia mpaka kwenye mifupa, na mwezi wa tisa ndio wa kurudi kwake. Angevaa nini?

Kisha lupango. Kila mwaka ua wa ng'ombe unarekebishwa kwa miti yoyote, mwaka unaofuata unarekebishwa tena, ndiyo kazi ya kiangazi. Théoneste alishuka mpaka bondeni kutafuta miti migumu isiyooza, akachimba mashimo ya kufika gotini, akashindilia mawe. Watu walipita wakamsifu: msomi anayeshika jembe! Mukashema alipita pia, akasimama, akatikisa nguzo moja. Haikusogea. Hakumsifu.

Na kulikuwa na Adelaïde, msichana wa Kalembe aliyekuwa amesemewa kuwa mchumba wake. Zamani Théoneste hakumaliza juma bila kumtaja. Safari hii, jina hilo likitamkwa, aliinuka kwenda kutazama ndama.

Siku ya Mungu, baada ya misa, Mukashema alimwacha Mama atangulie na wanawake wa kwaya. Alimshika kaka yake kwenye njia inayoshuka kati ya mashamba ya maharagi.

"Kaka, nguzo zile zitadumu miaka mingapi?"

"Kumi. Labda kumi na mbili." Alisema kwa majivuno, halafu akapunguza mwendo.

"Na miezi miwili ikiisha unarudia, uje kufanya kazi gani kwenye ua?"

"Mukashema..."

"Kabuti umepana kwa Baba mdogo. Adelaïde humutaji. Juzi uliniuliza chumvi ya ngombe inanunuliwa wapi, wewe ambaye hukuuliza hata siku moja. Usiniite Mukashema. Ujibu."

Théoneste alitazama nyuma, akatazama mbele. Wanawake walikuwa mbali, wimbo wao unakuja vipande vipande.

"Kuna profesa wa kule," alisema. "Tunaandikiana. Atanipokea nikifika. Nitasoma udaktari kwao, Brisele, udaktari wote. Si ule wa kushika sindano nyuma ya muzungu. Miaka sita, pengine saba."

"Na Bwana Lamber anajua?"

"Hakuna anayejua. Wakijua hawanipandishi ndege. Kwao safari hii ni kwenda na kurudi."

Mukashema alikata jani la haragi, akalipasua katikati. Hakuwa na hasira aliyoitarajia. Alihisi baridi, kama mtu aliyefungua mlango akijua atakuta nyumba tupu, na akaikuta.

"Mama amenipa mimi neno," alisema. "Nikimuambia niliona damu ndani ya jeep, imekwisha. Utabaki hapa na nguzo zako."

"Utadanganya?"

"Wewe umeisha danganya. Mimi nitakuwa wa pili."

"Mukashema, dada yangu, nakuomba."

"Usiniombe mimi. Umuambie Mama kwa kinywa chako. Leo. Ukimuambia, na akikuacha uende, mimi sitasema kitu. Usipomuambia, damu iko, na niliiona vizuri, ilikuwa upande wa gurudumu la nyuma."

Jioni hiyo Théoneste alimwambia Mama. Mukashema alikaa karibu na mafiga, akichagua mawe kwenye maharagi, na moyo wake ulikuwa umetulia kwa ubaya, kwa maana alijua Mama atakataa. Mama yupi angekubali miaka saba? Basi kaka angebaki, na yeye asingekuwa mwongo. Hesabu ilikuwa safi.

Mama Mukasine alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Huyo profesa, iko na bibi?"

"Ndiyo, Mama. Na watoto wanne."

"Na utakuwa unalala kwao?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Miaka saba." Mama aliweka mikono kichwani, na Mukashema akangoja kilio. Kilichotoka ni kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ee Maria! Mimi sikulala tangu siku ya tano! Miezi miwili njo iliniogopesha! Miezi miwili ni ya kunenepesha mutu. Lakini miaka saba? Nani anaweza kulisha mutu miaka saba juu ya kumukula? Hata muzungu hana mali hiyo!" Akamvuta Théoneste, akamshika mashavu. "Enda, mutoto wangu. Enda ukuwe daktere."

Maharagi yalimtoka Mukashema mkononi, yakatawanyika kwenye majivu.

Siku ya kwanza ya juma, kabla jua halijapanda sana, jeep ilirudi. Nyuma alikaa Floribert wa Walikale, kijana mwembamba wa watu wa msituni, amekumbatia sanduku la mbao. Bwana Lamber hakuleta mikebe tena. Mama alivaa kitenge cha Pasaka, akaweka sanduku la mwanawe ndani ya jeep kwa mikono yake, na kasiksi ikaonjwa na kunywewa.

"Basi Mama, neno lako?" muzungu aliuliza.

"Neno langu ni ndiyo. Aende, asome muzuri. Nimekubali miaka yote saba."

Bwana Lamber alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilibaki mahali pake muda kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Miaka saba ipi?"

Théoneste alikuwa na mguu mmoja juu ya jeep, na rangi ya midomo yake ilibadilika. Mama aliangalia mmoja, akaangalia mwingine.

Muzungu hakumuuliza Théoneste. Mukashema aliliona hilo kabla ya yote. Hakumgeukia hata kidogo, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyemfundisha, aliyemchagua. Aliunyosha mkono mpaka kwenye sanduku la Théoneste, akalishika mshikio, kama mtu anayetaka kushusha mzigo uliopakiwa kwa makosa. Halafu akamtazama yeye, msichana wa mlangoni.

"Wewe umesoma kidogo, si ndiyo? Niambie. Kaka yako ana mpango gani?"

Hapo ndipo ilipomjia kwamba kila kitu alichokitaka kilikuwa mbele yake, tena bila uongo. Neno moja la kweli, na sanduku lingeshuka, na nguzo zingekuwa na mwenyewe. Alitazama ule mkono juu ya sanduku. Kaka yake naye alikuwa anautazama, hakuomba, hakumkonyeza. Alikuwa amekwisha kuanza kushusha mguu.

"Ni miezi miwili, Bwana," Mukashema alisema. "Masomo yake ya Léopoldville njo yamebaki miaka mingi. Mama amechanganya."

Muzungu alimgeukia Mama.

Mama Mukasine alimtazama binti yake. Kisha akapiga paja. "Eh, Bwana, utanisamehe! Mimi sikuonaka mulango wa shule. Miezi, miaka, byote kwangu ni vakansi."

Baba mdogo alicheka kwa nguvu, akiwa ndani ya kabuti lake, ingawa hakuna aliyemweleza lolote. Bwana Lamber alicheka kidogo naye. Mkono wake ulibaki juu ya sanduku kitambo, macho yakipita kwenye nyuso zao moja baada ya nyingine. Lakini ndege ya Goma haingoji, na njia ilikuwa mbaya. Aliachia.

Théoneste aliwaaga kwa haraka, kama mtu anayeaga kwa miezi miwili. Alipofika kwa dada yake alimshika mkono, akafungua kinywa.

"Panda," Mukashema alisema.

Jeep ilishuka, ikapanda kilima cha pili, ikaonekana ndogo, ikaingia kwenye vumbi lake. Mama alingoja mpaka mlio ukaisha kabisa. Ndipo akamsogelea binti yake, akamnong'oneza, ingawa hakukuwa na mgeni tena wa kusikia.

"Sasa uniambie ya kweli. Ni miezi ao ni miaka?"

"Ni miaka, Mama."

"Mungu asifiwe," alisema Mama Mukasine, akaenda kufungulia ng'ombe, akiimba.

Mukashema alibaki pale pale barabarani. Alilia kwa sauti ndogo, ili wimbo usikatike.